Miezi kumi Marseille: upepo usio na msimu, karatasi, na unga wa chapati

Swali: Mimi ni mwenyeji wa Tanga. Nimepata nafasi ya masomo ya miezi kumi Marseille, naanza Septemba. Kila ninachosoma kuhusu Ufaransa ni habari za Paris. Nataka kujua maisha ya kila siku huko kusini: nivae nini, chumba napangaje, watu wanasalimianaje, na je, nibebe unga?

Jibu: Dada, habari za Paris ziweke kando. Marseille ni mji wa bandari, umejengwa na mabaharia Wagiriki yapata mwaka 600 kabla ya Kristo, na mpaka leo shughuli zake zinafuata bahari na upepo. Mtu wa Tanga ataufahamu upesi kuliko mtu wa bara. Kuna mahali, hata hivyo, mazoea ya pwani yetu yatakudanganya, na la kwanza ni huo upepo wenyewe.

Sisi tunajua kaskazi na kusi. Kila upepo una miezi yake, na majahazi yalipanga safari kwa kalenda hiyo. Mistral, upepo wa Marseille, hauna kalenda. Unaweza kuvuma Januari, unaweza kuvuma Julai, siku moja au juma zima. Hutokea mgandamizo mkubwa wa hewa unapokaa upande wa Atlantiki na mdogo ukakaa kwenye ghuba ya Genova: hewa baridi inajibana katika bonde la mto Rhône, kati ya milima ya Alpi na nyanda za juu za Massif Central, kisha inafyatuka kuelekea baharini, kama maji ya mpira wa bustani ukiubana mdomo. Kasi inaweza kupita kilomita 100 kwa saa. Na kinachowaponza wageni ni kwamba anga huwa bluu tupu, jua linawaka. Unachungulia dirishani, unavaa blauzi, unatoka, unarudi mbio.

Kwa hiyo usinunue koti kwa unene wake, nunua kwa kitambaa chake. Sweta nene la pamba halizuii mistral, linapitisha. Unachohitaji ni ganda la nje lisilopitisha upepo, lenye kofia inayofungwa kwa kamba, na ndani yake nguo mbili tatu nyepesi. Nyuzi 8 na mistral mkali juu yake zinaweza kuhisiwa baridi kuliko nyuzi 2 za siku tulivu. Mwavuli utavunjika mara ya kwanza tu. Mvua yenyewe si nyingi, kidogo zaidi ya milimita 500 kwa mwaka, ila hupenda kuja kwa vishindo kati ya Septemba na Novemba, na upepo wa mashariki ndio unaoileta. Koti usilibebe kutoka nyumbani. Mitumba ipo huko pia, kwenye maduka yanayoitwa friperie na kwenye soko la Les Puces, kaskazini mwa mji.

Mistral una mambo mawili zaidi ambayo wenyeji hawakwambii kwa sababu kwao ni kama kupumua. Moja ni mlango. Milango mingi ya vyumba vya Ufaransa ikijifunga haifunguki kwa nje bila ufunguo, hata kama hukuzungusha kufuli. Unatoka kutupa taka, dirisha la nyuma liko wazi, upepo unapita ukumbini na kuubamiza mlango, nawe uko kwenye ngazi na kandambili. Fundi wa kufuli usiku atakutoza mamia ya yuro, na vile vikaratasi vyenye namba za mafundi unavyovikuta kwenye sanduku la barua usivitegemee hata kidogo, maana ndipo wanapojificha walanguzi. Ufunguo uwe mfukoni kabla hujagusa kitasa, na ufunguo wa pili aweke mtu unayemwamini. Jambo la pili ni vibao vya madirisha, volets. Ukivifungua, visukume mpaka ukutani kisha uvizuie kwa kile kichuma kidogo kilichochomekwa pembeni. Kwenye nyumba za zamani mara nyingi kimechongwa kama kichwa cha mtu. Ukivisahau vikining'inia, mistral utavigonga usiku kucha, na kioo kitapasuka.

Vibao hivyohivyo ndivyo kiyoyozi chako cha kiangazi. Kosa la mgeni ni kufungua madirisha mchana ili apate hewa. Kule mchana hewa ya nje ndiyo ya moto. Funga vioo na vibao kuanzia saa tatu asubuhi, kaa kwenye giza la kupendeza, fungua kila kitu jua likishazama. Kuta za mawe zitahifadhi ubaridi wa usiku.

Jua lenyewe litakuvurugia saa. Mwishoni mwa Juni linazama saa 3:20 usiku; mwishoni mwa Desemba linachomoza baada ya saa 2 asubuhi na kuzama saa 11 jioni na dakika chache. Hesabu yetu ya saa, inayoanza na mapambazuko, haishiki tena. Wafaransa huandika saa kwa 24, basi miadi ya 14h ni saa nane mchana na 9h ni saa tatu asubuhi. Saa hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba: baridi uko nyuma ya Tanga kwa saa mbili, kiangazi kwa saa moja.

Kuhusu salamu, hapa malezi yako yatakuokoa. Bonjour ni hodi. Inatangulia kila kitu: ukiingia duka la mikate, ukipanda basi, ukiketi kwenye chumba cha kusubiri daktari. Ukianza na swali lako moja kwa moja, hata kwa Kifaransa safi, muuzaji atakukatiza na bonjour yake kavu, na hiyo si salamu, ni karipio. Jioni inakuwa bonsoir, na ukiondoka ni bonne journée. Wanafunzi wenzako watakuita "tu", yaani wewe ya kirafiki, mapema, lakini kwa ofisi, mwenye nyumba na wazee tumia "vous", ile ya heshima, mpaka wao wenyewe waseme vinginevyo. Wanaojuana hugusana mashavu, mara mbili Marseille. Hupendi? Toa mkono mapema, ukitabasamu, na hakuna atakayeona vibaya.

Lafudhi ya mji nayo itakuwa rahisi kwako kuliko ya Paris. Mtu wa Marseille huitamka ile e ya mwisho ambayo Paris huimeza, hivyo maneno yanaishia kwenye irabu, kama yetu. Pain, yaani mkate, utaisikia karibu kama "peng". Utasikia pia maneno ya kienyeji: dégun ni hakuna mtu, tarpin ni sana, minot ni mtoto, fada ni mwehu.

Na usishangae kusikia kitu kinachofanana na Kiswahili ndani ya basi. Marseille ina jamii kubwa ya Wangazija, na baadhi ya wa mwanzo walifika kama mabaharia kwenye meli zilizokuwa zikipita Bahari ya Hindi. Lugha yao ni ndugu ya yetu, kiasi kwamba habari itajibiwa ndjema. Kuwa macho tu na neno moja: kwao marahaba maana yake ni asante. Mzee wa Kingazija akikuambia marahaba baada ya kumpisha kiti, hajibu shikamoo ambayo hukuitoa, anakushukuru.

Sasa chumba, ambapo watu wengi hupoteza pesa. Kwa miezi kumi kuna mkataba uliokatwa kwa kipimo chako, bail mobilité: chumba chenye samani, mwezi 1 hadi 10, kwa wanafunzi na wanaojifunza kazi. Ndani yake mwenye nyumba haruhusiwi kudai amana, na wewe unaweza kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja. Haurefushwi kupita miezi kumi. Ukipewa mkataba wa kawaida wa chumba chenye samani, amana isizidi kodi ya miezi miwili bila gharama za pamoja. Karibu kila mwenye nyumba atataka mdhamini anayeishi Ufaransa, na hapo tumia Visale, dhamana ya bure inayotolewa na Action Logement kwa vijana mpaka miaka 30. Iombe kabla ya kusaini mkataba, ukishasaini umechelewa. Na yeyote anayetaka pesa kabla hujakiona chumba, kwa sababu "yuko safarini", ni tapeli, hata akikutumia picha ya kitambulisho chake.

Eneo litegemee kampasi, kwa sababu Aix-Marseille Université imetawanyika. Saint-Charles na La Timone ziko mjini, metro inafika. Saint-Jérôme iko kaskazini-mashariki. Luminy iko mwisho kabisa wa mji, chini ya milima ya Calanques, na hutegemea basi. Anayesoma Luminy na kupanga kaskazini atakula saa mbili na zaidi njiani kila siku. Tarakimu mbili za mwisho za namba ya posta ndizo mtaa wa kiutawala: 13005 ni wa tano, 13015 ni wa kumi na tano.

Ukienda kukagua, angalia jengo kabla ya chumba. Tarehe 5 Novemba 2018 majengo ya rue d'Aubagne, namba 63 na 65, yaliporomoka katikati ya mji na watu 8 wakafa. Tangu hapo nyumba nyingi kongwe zimehamishwa watu kwa amri ya hatari. Kwa hiyo panda ngazi polepole. Tazama nyufa za mshazari zinazotoka kwenye pembe za milango, vibandiko vidogo vya plasta juu ya ufa (vimewekwa na mafundi kupima kama unapanuka), ngazi zilizoinama upande mmoja, mlango unaokwama juu na kuacha pengo chini, madoa ya maji kwenye dari ya ngazi. Nyufa za rangi tu, nyembamba kama unywele, si kitu. Mji huchapisha amri za majengo hatari kwenye tovuti yake. Tafuta anwani yako humo kabla ya kusaini.

Siku ya kukabidhiwa ufunguo kuna état des lieux, orodha ya hali ya kila ukuta na kila bomba. Usiisaini kwa haraka. Washa kila jiko, fungua kila bomba la moto kwa dakika tatu, piga picha mita za umeme na maji, andika kigae kilichovunjika. Una siku 10 kuomba kasoro uliyoigundua baadaye iongezwe. Wengi hupoteza amana yao hapa, si mwisho wa kukaa. Bima ya nyumba ni lazima kwa mpangaji, na bomba likivuja mpaka kwa jirani wa chini utajua kwa nini.

Godoro la bure lililoachwa barabarani liache hapohapo. Kunguni wamo Ufaransa, na kule dawa ya kuwamaliza ni ghali kuliko godoro jipya. Kwenye chumba cha samani, kunjua pindo la godoro kwenye kona zote nne na umulike kwa tochi ya simu: unatafuta vidoa vyeusi kama nukta za wino.

Karatasi. Viza ya muda mrefu unaithibitisha mtandaoni ndani ya miezi 3 ya kufika na kulipa kodi ya stempu. Ukiipitisha tarehe, viza iliyobandikwa kwenye pasipoti haikusaidii tena, na ukitoka Ufaransa likizo hutaruhusiwa kurudi kirahisi. Halafu kuna duara linalowachosha wageni: benki inataka uthibitisho wa makazi, mwenye nyumba anataka hati ya benki, bima ya afya inataka vyote viwili. Duara hukatwa na barua ya bweni la chuo au cheti cha bima ya nyumba, ambavyo benki huvikubali kama uthibitisho wa makazi. Benki ikikukatalia akaunti, omba kukataliwa huko kwa maandishi. Ukiwa nayo, Banque de France, benki kuu ya nchi, ina wajibu wa kukupangia benki nyingine. Nyumbani Tanga, kabla ya kuondoka, chukua cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, na tarajia kuombwa tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa Ufaransa. Ombi la msaada wa kodi ya chumba kwa CAF, ofisi ya misaada ya familia, lipeleke mwezi uleule unaohamia, maana hawalipi ya nyuma; masharti kwa wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya yamekuwa yakibadilishwa, kwa hiyo soma ya mwaka wako kabla ya kuiweka kwenye bajeti.

Bima ya afya ya serikali ni bure kwa mwanafunzi, unajiandikisha kwenye tovuti ya Ameli ya wanafunzi wageni. Ukishapata namba, mtangaze daktari wako wa kudumu, médecin traitant. Tofauti ni hii: kumwona daktari wa kawaida ni yuro 30, na ukiwa umemtangaza unarudishiwa 19. Usipomtangaza, 7. Jambo moja la kusema mwenyewe bila kuulizwa: ukipata homa katika miezi ya kwanza, mwambie daktari umetoka nchi yenye malaria, kwa neno paludisme. Dalili zinaweza kutokea wiki kadhaa baada ya kufika, na daktari asiyejua ulikotoka atafikiria mafua kwanza. Dharura ni 15 au 112. Mbu wapo pia, yule mwenye miraba myeupe anayeuma mchana vifundoni. Malaria hana, lakini dengue na chikungunya anaweza kuzibeba, basi mwaga maji ya visahani vya maua.

Usafiri una metro mbili, tramu na mabasi. Usiku wa mechi ya OM, timu ya mpira ya mji, kwenye uwanja wa Vélodrome, unaobeba watu 67,000, kaa mbali na kituo cha Rond-Point du Prado, hasa mwishoni mwa mchezo. Mgomo usikutishe. Sheria inawataka wafanyakazi wa usafiri kutangaza kushiriki kwao saa 48 kabla, na kampuni iwape abiria ratiba iliyopunguzwa saa 24 kabla. Angalia jioni ya jana yake, si asubuhi kituoni.

Bahari itakushangaza kwa kutokwenda popote. Maji hayakupwi wala hayajai kwa kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana Ufaransa ilichagua Marseille kupimia usawa wa bahari, kati ya 1885 na 1897, na milima ya bara zima la nchi hiyo inahesabiwa kutoka hapo. Hakuna kusubiri maji kutoka uokote chaza. Ila joto lake hubadilika ghafla. Mistral ukivuma siku mbili, maji ya juu yanasukumwa nje na ya chini yenye baridi yanapanda. Bahari ya nyuzi 24 inaweza kushuka mpaka 16 katikati ya Julai, na jua linawaka vilevile. Tumbukiza mguu kwanza. Kwenda Calanques kati ya Juni na Septemba, tazama tangazo la hatari ya moto la jioni iliyotangulia, kwani njia hufungwa. Beba lita 2 za maji kwa mtu. Huko hakuna kisima.

Na unga. Ugali: ule wa njano unaoandikwa polenta au semoule de maïs ni chenga, haushikani kama wetu. Nenda Noailles, mtaa wa soko la Capucins karibu na La Canebière, maduka ya Kiafrika yana unga mweupe laini, muhogo, bamia na nazi. Soko la matunda likikaribia kufungwa, bei hushuka. Pakiti ya unga mweupe wa Amerika Kusini ni ya mahindi yaliyokwisha pikwa: ukorogee kwenye maji ya baridi kwanza, kwa kuwa ukiumwaga kwenye yanayochemka utapata madonge.

Ngano ya Ufaransa huuzwa kwa namba. T45 na T55 ni nyeupe, T110 ina pumba kiasi, T150 ni nzima. Kwa chapati chukua T55. Mara nyingi ni dhaifu kuliko tunayoizoea, inakunywa maji kidogo, kwa hiyo gramu 500 anza na mililita 270 za maji vuguvugu, ongeza kijiko kimoja kimoja, uache donge lipumzike dakika 40. Maandazi yatapendeza zaidi kwa pakiti iliyoandikwa gruau, yenye nguvu ya kuumuka. Hamira ni levure de boulanger. Levure chimique ni beking pauda. Na soma pakiti mpaka mwisho: ukiona levure incorporée, beking pauda imo tayari, na chapati yako itavimba kama keki kisha imeguke. Maziwa ya chai ni yenye kifuniko chekundu, entier. Ya bluu yamepunguzwa mafuta, ya kijani hayana kabisa.

Usibebe unga, basi. Beba majani ya chai na iliki. Dagaa wakavu wanaruhusiwa, bidhaa za samaki mpaka kilo 20, na asali mpaka kilo 2. Nyama na maziwa ya aina yoyote hapana. Embe nalo litanyang'anywa uwanja wa ndege kama halina cheti cha afya ya mimea. Nazi, ndizi, nanasi na tende haziombwi cheti hicho.